Jozi ya Kwemlola

Kulukulu aliita mara tatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Mwantumu Shekiondo hakumwitikia.

Angemwitikiaje, jamani? Dakta Namkunda Mshana alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, ametega sikio, amekumbatia kibao chake cha kioo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina. Juu ya mkuyu, mahali ambapo hapakuonekana kitu, ndege yule aliita tena kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito: kulu-kulu-kulu. Akanyamaza, akangoja. Mwantumu alijua anangoja nini, akahisi koo lake mwenyewe linamwasha.

"Mbona mwenzake haitiki?" Dakta akanong'ona.

"Labda yuko bondeni, mwanangu. Si unauona ukungu?"

"Lakini masikio yanasema wanaitikiana kila asubuhi. Miaka tisa, mama. Hawajakosa hata siku moja."

"Ndege naye ana siku zake," alisema Mwantumu, akajifanya anafunga kilemba upya ili asitazamwe usoni.

Masikio yenyewe yalikuwa vidude vidogo kama punje za maharage, vimegongomewa kwenye miti yote ya msitu wa Kwemlola. Yalisikia kila kinacholia humo ndani, yakahesabu, yakapeleka hesabu mjini bila mtu kuyashika. Yalikuwa na akili kuliko walinzi wote wakijumlishwa. Ila macho hayakuwa nayo, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Dume alikufa mwaka wa kile kiangazi kirefu. Mwantumu mwenyewe ndiye aliyeyakuta manyoya yake chini ya mti, yale mekundu ya bawa, yametapakaa pale kipanga alipomnyonyolea. Wakati ule hakukuwa na kulukulu wengine milimani. Walikuwa wawili, wakabaki mmoja. Jike akaita asubuhi, akaita mchana, akaita hadi sauti ikakatika. Siku ya nne aliacha kula. Alikaa juu ya mkuyu uliojaa matunda, kishungi kimelala, mabawa yamelegea, na Mwantumu akawa anamtazama kwa darubini huku moyo unamuuma.

Sasa, watu wa Kwemlola wana desturi yao. Ukungu wa kule ni mzito hata mkono wako huuoni, na wanawake wakienda kuni huitana. Mmoja akiita, aliye karibu lazima aitike, hata kama waliamka wakitukanana, hata kama hawajasemeshana tangu mwaka juzi. Aliyeitwa akanyamaza amemwacha mwenzake apotee, na ataulizwa na kijiji kizima. Mwantumu alikulia katika hilo. Siku ya sita uvumilivu ulimwisha. Ndege aliita, naye akakusanya viganja mdomoni, akaitika kwa koo.

Lo! Yule ndege alinyanyua kichwa. Kishungi kikasimama, kile cha kijani chenye ncha nyekundu. Akaita tena, akaitikiwa tena, akakimbia juu ya tawi kama kindi, maana kulukulu ana kidole cha nje kinachogeuka mbele na nyuma apendavyo, na tawini hukimbia kuliko anavyoruka. Mchana huohuo akala tini kumi na mbili. Mwantumu alizihesabu moja moja, akalia.

Masikio yakasikia sauti mbili, yakaandika mbili. Baada ya wiki mbili ujumbe ukaja kutoka mjini: jozi ipo salama, hongereni walinzi. Mwantumu akasema kesho nitawaeleza. Kesho ile ikaja na shughuli zake, ikaja nyingine, na kila alfajiri ndege aliita na yeye akaitika. Watu huzoea mambo mabaya zaidi ya hayo.

Na sasa Dakta alikuja na kisomeo.

*

Kisomeo kilikuwa kama sufuria ndogo iliyopinduliwa, chenye nywele za chuma ndani yake, nyembamba kuliko za mtoto mchanga. Kilikaa mezani ofisini, karibu na birika la chai, na Mhina alikuwa anakizunguka kwa mbali. Mhina Semboja ndiye mlinzi wa pili wa Kwemlola, mtu wa maneno mengi na mguu mmoja mbovu.

"Kwa hiyo unamvalisha ndege hicho kichwani," alisema, "kisha?"

"Kisha kinasoma," Dakta akajibu. "Kila alichojifunza. Mti upi unazaa mwezi gani, kivuli kipi ni cha kipanga, kiota kinawekwaje. Kinapita tabaka kwa tabaka, kinagandisha na kusoma, kinagandisha na kusoma."

"Na ndege mwenyewe?"

Dakta alizungusha kikombe chake. Hakuwa mtu mbaya, na Mwantumu angependa awe mbaya ili mambo yawe rahisi. "Harudi, kaka Mhina. Ndiyo maana kuna sheria."

Sheria hiyo waliijua. Wa mwisho hasomwi. Iliwekwa baada ya mnyama wa mwisho wa aina fulani kusomwa kwa haraka, nakala yake ikaharibika, watu wakabaki mikono mitupu. Tangu hapo, penye wawili unaweza kusoma mmoja. Penye mmoja unamwacha amalize siku zake.

Dakta akaweka kibao mezani na kukiwasha ili waone banda la vifaranga kule kituoni. Walikuwa kumi na wanne, wametotolewa kwa mashine kutokana na ngozi za kulukulu zilizokaa makumbusho zaidi ya miaka mia. Walikuwa wazuri, huwezi kukataa. Kijani chenyewe, duara jekundu la jicho, mstari mweupe chini yake. Mabawa tu ndiyo yalikuwa yamefifia.

"Wekundu wa bawa ni shaba," alisema Dakta. "Shaba halisi, ile ya nyaya. Ndege huiokota kidogokidogo kwenye matunda. Hawa wanakula uji wa sahani. Mwaka jana tuliwaachia wenzao thelathini. Wakatua kwenye mkuyu ulioiva, mama, wakakaa juu ya matunda wakingoja sahani. Wakafa wote, matunda yakiwa chini ya miguu yao. Mimi ndiye niliyewaokota."

Mwantumu akamsogezea chai.

"Hao kumi na wanne ndio wa mwisho. Ngozi zimekwisha," Dakta akaendelea. "Nikipata nakala ya ndege mmoja tu aliyekulia msituni, nawaandika wote vichwani kwa wiki moja. Jozi yenu ni mali, mama. Jike nitamchukua, dume atabaki, na vifaranga wakikua ataoa hapohapo." Akacheka kidogo. "Kinachotakiwa ni dole gumba lako tu. Mlinzi anathibitisha kwamba ni wawili."

Kibao kikaonyesha mraba mtupu wenye mwanga. Mwantumu akasema mikono yake ina matope, ataweka kesho.

Dakta alipotoka kwenda kuangalia nyavu zake, Mhina alivuta kiti hadi magoti yao yakagusana.

"Dada," alisema, "dume yupi huyo?"

Mwantumu akainamia birika la chai.

"Miaka tisa nakusikia alfajiri unakohoa bondeni. Nilidhani kifua. Nikasema dada yangu huyu atanifia. Kumbe!"

"Nyamaza, Mhina."

"Mimi nimenyamaza. Wewe ndiye uliyeshindwa." Halafu utani ukamtoka usoni. "Utamwambia?"

"Nikimwambia, ndege anabaki. Atanizoea mimi hadi afe, au nife mimi kwanza. Na wale watoto kumi na wanne wafie kwenye matunda."

"Na usipomwambia?"

"Namuua kwa mkono wangu. Yule aliyeniamini." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mhina alisugua mguu wake mbovu. "Mimi ningejificha, dada. Wallahi ningejificha hadi mtu mwingine aamue."

"Hakuna mtu mwingine."

"Ndiyo hivyo," alisema Mhina, akainuka akachechemea kwenda kuosha vikombe.

*

Asubuhi ilipofika Mwantumu aliweka dole gumba kwenye kioo. Kikalia ting, mraba ukawa wa kijani, na basi. Alikuwa ametegemea kitu kizito zaidi.

Kisha akamwambia Dakta akae nyuma ya wavu, atulie kabisa, yeye atazunguka bondeni kumshtua dume aite ili jike avutike. Dakta akamshukuru. Alimshika hata mikono.

Mwantumu alishuka kwenye magimbi hadi aliposimama mita kumi kutoka kwenye wavu, upande wa pili, katikati ya majani. Ukungu ulikuwa mwepesi leo. Kulukulu aliita kutoka mbali, na haikuwa sauti ya kila siku. Ilikuwa juu, ina haraka, sauti ya mtu aliyekaa siku nzima akiita bila jibu na sasa ameanza kuogopa. Mwantumu akaweka viganja mdomoni. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu.

Mara ya pili aliitika.

Ndege alikuja mbio. Alipita tawi hadi tawi, kisha akarusha mwili wake hewani, na mabawa yalipofunguka wekundu ulijaa pale chini ya miti, wekundu wa matunda ya miaka yote aliyoishi. Hakutazama kushoto wala kulia. Alifuata sauti moja kwa moja, akaingia wavuni kifua mbele.

"Umemsikia?" Dakta alikuwa anaruka kama msichana. "Umemsikia dume alivyoitika? Yuko hapohapo karibu!"

"Nimemsikia," alisema Mwantumu.

Yeye ndiye aliyemshika. Dakta alimwomba, kwa sababu mikononi mwa Mwantumu ndege hakupapatika. Walimsafisha kichwa kwa maji ya sabuni ili nywele za chuma zishike vizuri, na sabuni ikachuruzika hadi kwenye bawa. Maji yakaanguka mekundu kwenye beseni.

"Damu?" Mwantumu akashtuka.

"Hapana, mama. Ile rangi huyeyuka kwenye sabuni. Haina madhara."

Haina madhara! Mwantumu alitazama mikono yake iliyokuwa myekundu hadi kwenye viwiko, akataka kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Mtu angemgusa tu bega lingetoka. Akawawaza wale kumi na wanne wanaongoja sahani, akafunga mdomo, na Dakta akashusha sufuria.

Ilichukua dakika kumi na moja. Mapigo ya moyo wa ndege yalikuwa ya haraka chini ya dole gumba la Mwantumu, kisha yakawa ya taratibu, kisha Mwantumu akawa anashika manyoya tu. Kisomeo kilisema nakala imekamilika, haina dosari.

*

Sitaki kukudanganya: mwanzoni ilikuwa furaha. Vifaranga waliandikwa, na siku nane baadaye wakaletwa Kwemlola kwenye banda la nyavu lililojengwa kuzunguka miti sita mizima. Dakta alifungua vizimba huku amefumba macho. Alipofumbua, wote kumi na wanne walikuwa juu ya mkuyu wanakula. Walichagua zilizoiva, wakaacha mbichi. Kivuli cha kipanga kilipopita juu ya wavu walijibana kwenye majani kama walioonywa na mama zao. Mhina alipiga vigelegele, mwanamume mzima na mvi zake, na Mwantumu alicheka hadi mbavu zikamuuma. Akasema moyoni, basi, haikuwa bure. Akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu siku ya wavu.

Miezi ikapita, wakala shaba yao, mabawa yakaiva. Wavu ukatolewa. Hakuna aliyekufa. Dakta aliandika taarifa, watu wa mjini wakapiga simu, na jina la Kwemlola likasomwa kwenye habari. Dume alipoulizwa, Mwantumu alisema huenda alihama kwa upweke, na katika furaha ile hakuna aliyechimba zaidi.

Ulipofika msimu wa kutaga, Dakta alihamia kabisa kwenye nyumba ya walinzi. Kulukulu hutaga mayai mawili, kwenye kiota chepesi cha vijiti hata ukiwa chini unayaona mayai kupitia mianya yake, na baba na mama hupokezana kulalia. Alitaka kuona kiota cha kwanza. Kila asubuhi alipanda mlimani na kibao chake, na kila asubuhi alirudi uso umesawijika.

"Sielewi," alimwambia Mwantumu. "Wanaita. Madume wanaita, majike wanaita. Lakini hawaitikiani. Mmoja anaita hapa, mwingine yuko tawi la pili, anamsikia, hageuki hata kichwa. Kila mmoja anaita kisha anatazama chini, bondeni. Wote upande uleule. Kuna nini bondeni, mama?"

Mwantumu alikuwa anachambua mchele. Vidole vikasimama.

Alfajiri iliyofuata alishuka peke yake kwenye magimbi. Alijiambia anakwenda kuhakikisha tu. Juu yake waliita mmoja baada ya mwingine, sauti kumi na nne za kukwaruza, na baada ya kila mwito ukaja ule ukimya anaoujua, urefu uleule, bila kuzidi wala kupungua. Akaitika mara moja, kidogo, chini ya pumzi.

Wakaja wote. Walitua kumzunguka, kwenye vichaka, kwenye mawe, mmoja begani kwake. Waliinamisha vichwa, wakafungua mabawa nusu kumwonyesha wekundu. Dume mmoja akacheua tonge la tini laini, akanyoosha shingo, akalileta mdomoni mwa Mwantumu, maana ndivyo kulukulu anavyomlisha mke. Akangoja apokee.

Mwantumu alipogeuka alimwona Dakta juu ya njia, amesimama na kibao kinaning'inia mkononi.

"Tangu lini?" Dakta aliuliza.

"Tangu mwanzo. Dume hakuwepo, mwanangu. Alikufa. Nilikuwa mimi."

Dakta alikaa chini palepale kwenye matope. Hakupiga kelele, na Mwantumu angeshukuru kama angepiga. "Miaka tisa," alisema polepole, kama mtu anayejumlisha. "Alichokijua jike kuhusu mwenzi ni wewe. Mimi nimechukua hicho, nimekiandika ndani ya wote."

"Wafute. Waandike upya."

"Kwa kumsoma nani, mama? Nani aliyebaki?" Ndipo sauti ikampanda. "Kwa nini hukusema? Ningemwacha! Ningetafuta njia nyingine, ningengoja, ningefanya lolote! Dole gumba lako hili hapa, uliweka mwenyewe!"

"Niliwaonea huruma watoto," alisema Mwantumu. "Nilimwonea huruma na yeye. Kila nilipoona huruma nimeharibu." Akaanza kulia kwa sauti kubwa, na wale ndege hawakuruka. Walimsogelea zaidi.

*

Walikubaliana kwamba Mwantumu anyamaze. Dakta alieleza vizuri: wasipomsikia, labda watachoka kumngoja, watageukiana wenyewe kwa wenyewe. Ndege bado ni wachanga, kitu kinaweza kujifunzwa juu ya kilichoandikwa. Mwantumu alipelekwa nyumba ya Mhina, chini kabisa, dirisha likazibwa kwa godoro. Alikaa humo na redio. Hata hivyo aliwasikia, au alidhani anawasikia.

Siku ya nne Mhina alikuja akasema wameacha kula. Siku ya sita alikuja na mmoja amemfunga kwenye shati lake, mwepesi, hana uzito wowote. Siku ya saba alikuja na mwingine, akamlaza karibu na mlango. Mwantumu alisukuma godoro, akatoka, akapanda mlima bila viatu.

Dakta alikuwa chini ya mkuyu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Juu ya matawi walikaa kumi na wawili, vishungi vimelala, matunda yameiva kila upande wao.

"Wape siku mbili, mama," alisema. "Mbili tu. Huenda kesho mmoja akageuka."

"Na wasipogeuka?"

"Nitakuwa nimejaribu." Akamshika mkono. "Ukiitika leo hawatataga kamwe. Unaelewa? Watakula, watanenepa, watakufuata wewe, na wakifa wao ndiyo mwisho. Hakuna mwingine popote. Usipoitika, kuna nafasi. Ndogo, lakini ipo."

"Naelewa, mwanangu."

Kulukulu mmoja, yule wa tawi la chini, akaita. Haikufika hata kulu ya tatu. Akanyamaza, akatazama bondeni, kisha akatazama pale walipo watu.

Mwantumu aliutoa mkono wake taratibu kutoka mkononi mwa Dakta. Akakusanya viganja mdomoni, akaitika, na wote kumi na wawili wakashuka wakaja.